Kijiti cha Muhogo Kilichovuka Mpaka

Sisi Wakongomani tukiona muhogo tunaona nyumbani: fufu sahani moja, sombe sahani nyingine. Ndiyo maana siku shirika moja lilipotugawia vijiti vya muhogo hapa makazini, watu walipanga foleni tangu alfajiri. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anagawa, "Ndugu, hivi vimetoka shamba gani?" Akacheka. "Mzee, muhogo ni muhogo tu." Miezi mitatu baadaye majani yalikuwa yamejikunja, yamejaa mabaka ya njano.

Swali lile nililipata Tororo. Kabla ya kufika hapa nilifanya kibarua cha kulima kule kwa miaka miwili, na wazee wa Tororo wanayo historia ambayo kila anayegawa mbegu angefaa kuisikia kwanza.

Tororo iko Uganda. Busia iko Uganda na Kenya pia, mji mmoja uliopasuliwa na mpaka. Mwaka 1902 Waingereza walilimega jimbo la mashariki la Uganda wakalitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta shamba liko huku, mjomba yuko kule. Lakini chungu hakikugawanyika. Pande zote mbili watu husaga muhogo mkavu pamoja na mtama au ulezi, wakasonga ugali wao. Wakoloni nao waliuhimiza muhogo, mara nyingine kwa amri, kama akiba ya njaa: unakaa ardhini, unangoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa wa batobato ulikuja na ukali mpya. Ulianzia Luwero, kaskazini mwa Kampala. Batobato ya zamani ilijulikana, mkulima alivuna kidogo maisha yakaendelea. Hii mpya iliacha mizizi kama vidole. Kule Teso, kaskazini mwa Tororo, watu walikuwa wameshapoteza ng'ombe kwa vita na wizi wa mifugo, muhogo ndio uliobaki. Ulipoanguka huo, mwaka 1993 na 1994 njaa iliua watu.

Watafiti wa Uganda na wenzao wa IITA walifanya kazi inayoonekana ya kipumbavu ukiitazama kutoka barabarani. Walikuwa wanaendesha gari, wanasimama kila baada ya kilomita kadhaa, wanaingia shambani, wanakagua mimea 30 na kuipa kila mmoja alama, 1 hadi 5. Halafu wanaenda mbele. Mwaka unaofuata, tena. Kwa kuhesabu hivyo waligundua kwamba ugonjwa ulikuwa unatembea kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka. Yaani ulikuwa na ratiba. Katikati ya miaka ya 1990 ukavuka mpaka kuingia magharibi mwa Kenya. Mwaka 1997 maabara zikaonyesha sababu: virusi vya aina mbili vilikuwa vimechanganya vipande vyao, kikatokea kirusi kipya.

Kinasafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni nzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani. Ya pili ni sisi wenyewe. Muhogo haupandwi kwa mbegu ya dukani. Jirani anakukatia kijiti, unakibeba begani, unampelekea shemeji ng'ambo ya pili. Zawadi ile ile ndiyo iliyobeba ugonjwa.

Dawa ikapitia njia hiyo hiyo, na safari yake kila mkimbizi ataielewa. Miaka ya 1930, pale Amani, Tanganyika, watafiti walichanganya muhogo na mpira wa Ceara, ndugu yake wa porini, ili upate ukinzani. Mbegu za kizazi kile zikapelekwa Nigeria. Ibadan ikazaa aina mpya, na moja ikarudi Afrika Mashariki ikaitwa Migyera, au Nase 3. Aina za kukinza batobato kutoka Uganda hazikuingia Kenya hivi hivi. Zilipandwa kwanza Alupe, Busia, zikakaguliwa zikiwa shambani kabla ya kuruhusiwa kusambaa. Nilipoelezwa hilo nilicheka: hata muhogo ulipitia kituo cha mapokezi!

Kisha ukagawiwa kwa vikundi vya wakulima na makanisa, kila anayepokea azidishe na kumpa mwingine. Sera ilifuata desturi ya jirani na jirani. Muhogo ukarudi shambani.

Ningependa kuishia hapo, lakini wazee hawakuishia hapo. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia. Ulijulikana pwani tangu enzi za Amani, na wataalamu waliamini hauwezi kusumbua sehemu za juu ya mita 1,000. Kumbe waliamini vibaya. Huu ni mwongo: shina limesimama, majani yapo, ukichimba unakuta kiazi kimeoza ndani. Na zile aina zilizotuokoa na batobato nyingi hazikuuweza. Kazi ikaanza upya, hadi mwaka 2015 Uganda ikatoa NAROCASS 1, inayovumilia magonjwa yote mawili. Kuvumilia, si kupona.

Kwa hiyo ninyi ndugu wa mashirika, sisemi msitugawie vijiti. Tuleteeni. Ila utafiti si karatasi unayoisoma mara moja ukaifungia kabatini. Kilichokuwa kweli Busia mwaka 1998 kilikuwa nusu ya kweli mwaka 2004. Mtuambie kijiti kimetoka shamba gani, nani alikikagua na lini. Na sisi wakazi tuna deni letu: tukiona jani limejikunja tusimpe jirani, hata akiwa shemeji.

Baada ya hasara ile, majirani saba tuliketi na yule kijana. Safari hii hakucheka. Tulikubaliana vijiti vijavyo vipandwe kwanza kwenye kipande kimoja karibu na bomba la maji, tuvitazame msimu mzima na kuchimba mizizi michache kabla ya kugawana. Daftari la kuhesabu majani ninalo mimi.