Jinsi ya kuzuia kompyuta za maabara kuwashwa kwa flashi

KOMPYUTA inapowashwa, programu ya kwanza kuamka si Windows wala Linux. Ni programu ndogo iliyomo katika bodi kuu ya mashine, iitwayo BIOS au, katika kompyuta za miaka ya karibuni, UEFI. Hiyo hukagua vifaa, kisha hutafuta mfumo wa kuendesha mashine kwa kufuata orodha iliyowekewa: pengine flashi kwanza, kisha sidii, na diski kuu mwisho.

Orodha hiyo ndiyo mlango wa nyuma wa maabara nyingi za shule na vyuo. Mwanafunzi akichomeka flashi yenye mfumo wake mwenyewe na kuiwasha mashine upya, nywila za Windows hazimzuii tena. Mfumo huo mgeni huisoma diski kuu kama daftari lililoachwa wazi, na unaweza hata kuifuta nywila ya msimamizi.

Hatari yenyewe ni kongwe kuliko flashi. Kirusi cha Brain, kilichozuka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kilijificha katika sehemu ya disketi inayosomwa mashine inapowaka. Michelangelo, kilichozua hofu kubwa mwaka 1992, kilienea kwa njia iyo hiyo: ilitosha mtu kusahau disketi yenye kirusi ndani ya mashine jioni, akaiwasha asubuhi.

Msimamizi huingia katika BIOS kwa kubonyeza F2, Delete au kitufe kingine alichochagua mtengenezaji, mara tu mashine inapowaka. Humo huiweka diski kuu iwe ya kwanza na kuviondoa katika orodha vifaa vya USB, sidii na mtandao. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Ipo menyu ya dharura, ambayo katika mashine nyingi za Dell na Lenovo hufunguliwa kwa F12, inayomruhusu yeyote kuchagua kifaa kingine kwa mara hiyo moja. Nayo sharti ifungwe. Kisha iwekwe nywila ya msimamizi wa BIOS, la sivyo mwanafunzi atayageuza yote hayo kwa dakika mbili.

Katika kompyuta nyingi za mezani, hasa za zamani, kuondoa betri ndogo mfano wa sarafu huifuta nywila hiyo. Kwa hiyo kasha lahitaji kufuli. Hata hivyo, diski ikishachomolewa na kupelekwa kwenye mashine nyingine, BIOS haina la kufanya. Kinga iliyobaki ni kuyageuza yaliyomo kuwa maandishi ya siri kwa programu kama BitLocker.

Secure Boot, iliyoenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012, isichukuliwe kuwa mbadala. Hukagua sahihi ya mfumo, si mahali ulikotoka. Ubuntu yenye sahihi inayokubalika hupita.

Nywila ya BIOS na iandikwe, itiwe katika bahasha na kufungiwa ofisini. Siku Windows itakapoharibika, fundi naye atahitaji kuiwasha mashine kwa flashi.