Futi Hamsini za Mto Neuse

Mwaka 1995 samaki kwa mamilioni walielea wamekufa katika mto Neuse, jimbo la North Carolina, huko Marekani. Mto huu huanzia karibu na mji wa Durham, hupita Raleigh, makao makuu ya jimbo, kisha huteremka mpaka New Bern, ambako hupanuka kama ghuba. Mkosaji hakuwa mtu mmoja. Mbolea ya mashamba, samadi ya mifugo na maji machafu ya miji yaliujaza mto naitrojeni. Mwani ukastawi, ukafa, ukaoza. Na katika kuoza ukamaliza hewa ya majini ambayo samaki huivuta.

Mwaka 1997 serikali ya jimbo ikatoa amri: mimea iliyomo katika futi 50 kutoka ukingo wa mto na vijito vyake isifyekwe ovyo. Futi 30 za kwanza ziachwe kama zilivyo. 20 zinazofuata zisikose majani. Mizizi huzuia udongo, na viumbe vidogo vya ardhini huigeuza naitrojeni ikarudi hewani. Sijui mtambo ulio rahisi kuliko huo.

Baadhi ya miji na wilaya ziliona futi 50 hazitoshi, zikajitungia kanuni za ukanda mpana zaidi. Wenye viwanja walinung'unika, wala si bila haki: mtu aliyenunua kiwanja kidogo kandokando ya kijito aliweza kujikuta analipia kodi ardhi asiyoruhusiwa kujenga. Manung'uniko yalifika katika baraza la kutunga sheria, na mwaka 2015 ikapitishwa sheria kwamba mji au wilaya isidai ukanda mkubwa kuliko unaotakiwa na sheria ya jimbo au ya taifa. Anayetaka zaidi aiombe tume ya mazingira ya jimbo, akiwa na uthibitisho wa kitaalamu juu ya maji ya mahali pake. Hivyo kipimo kilichokuwa sakafu kikawa dari.

Msomaji atauliza, je, mji hauna haki juu ya vijito vyake? Katiba ya Marekani haiitaji miji hata mara moja. Mwaka 1868, mji wa Clinton katika jimbo la Iowa ulipotaka kuzuia reli isipite katika barabara zake, Jaji John Dillon aliamua kwamba mji ni mtoto wa baraza la jimbo. Hauna uwezo ila uliopewa, na aliyetoa aweza kutwaa. Fikira hiyo ya kesi ya reli ndiyo iliyovifikia vijito vya Neuse.

Raleigh, ambao hunywa maji ya mto huo, ulikuwa umekwisha kushika njia nyingine. Tangu mwaka 2011 uliwatoza watumiaji wa maji ada ndogo, na fedha hizo zikasaidia kuhifadhi ardhi ya kandokando ya vijito vya juu, kwa kuinunua au kwa mapatano na wenyewe.