Beri za Eldoret, kuanzia karakara hadi mnavu

Anayetaka kuwaona wapenzi wa beri Eldoret aende sokoni mwezi wowote. Atamkuta mama anayechagua nyanya ngumu za kachumbari, kijana anayeminya avokado karibu na kikonyo ili ajue kama itakuwa imeiva Jumapili, mtoto anayefyonza karakara aliyoitoboa kwa jino, na mwanariadha aliyeteremka kutoka Kaptagat kununua ndizi za wiki. Wote hao wamebeba beri. Kando yao, mwenye pakiti ya stroberi ndiye pekee ambaye hana beri hata moja.

Huo si mzaha. Ndivyo wataalamu wa mimea wanavyoyapanga matunda. Katika botania, beri ni tunda lenye nyama ambalo limetokana na ovari moja ya ua moja, na ambalo ni laini tangu chini ya ganda hadi zilipo mbegu, bila kokwa. Ovari ni ile sehemu iliyotuna katikati ya ua, inayohifadhi vijiyai vitakavyokuwa mbegu ua likishachavushwa. Idadi ya mbegu haihesabiwi. Karakara inazo tele, avokado inayo moja, na ndizi ya mezani haina hata moja iliyokomaa: vile vidoti vyeusi vya katikati ni mabaki ya vijiyai ambavyo havikukua. Ndizi za mwituni huko Asia, ulikotoka mgomba, zimejaa mbegu ngumu za kuvunja jino.

Avokado huzua ubishi, kwa kuwa watu husema ina kokwa. Ikatwe pamoja na embe, zilazwe ubavu kwa ubavu. Kokwa ya embe ni sehemu ya tunda lenyewe, tabaka la ndani kabisa lililokauka likawa gamba gumu; ukilipasua, mbegu imo ndani. Kile kinachobingirika ndani ya avokado ni mbegu tupu yenye utando mwembamba wa kahawia. Kwa hiyo embe ni tunda la kokwa, avokado ni beri. Na ni beri yenye wapenzi wengi Uasin Gishu siku hizi, maana wakulima waliozoea mahindi na ngano wameanza kuchanganya na miche ya Hass, aina iliyopewa jina la Rudolph Hass, mtumishi wa posta wa California aliyeisajili kwa hataza mwaka 1935.

Stroberi nayo iangaliwe kwa jicho la karibu. Vile vijipunje vya manjano vilivyotapakaa juu ya ngozi yake, ambavyo kila mtu huviita mbegu, kila kimoja ni tunda zima, dogo na kavu, lenye mbegu yake ndani. Ua la stroberi lina ovari nyingi ndogondogo, na kila ovari hutoa kipunje chake. Hiyo nyama nyekundu tamu haikutoka kwenye ovari hata kidogo: ni kitako cha ua kilichovimba na kujaa maji na sukari. Anayekula stroberi moja kubwa amekula matunda yapata mia mbili kwa mara moja, na wala hakuyatambua.

Tena stroberi hii ya bustanini ina umri mdogo. Mwaka 1714 Mfaransa Amédée-François Frézier alirudi kwao kutoka Chile na miche yenye matunda makubwa. Ilipopandwa jirani na aina ya Amerika Kaskazini, ikachavushwa nayo, na kizazi chao ndicho kilichoenea duniani, nyanda za juu za Kenya zikiwemo. Antoine Duchesne, Mfaransa mwingine, alikieleza chanzo hicho mwaka 1766.

Mkanganyiko wote huu ni urithi wa Kiingereza. Waingereza waliita kila kitunda kidogo kitamu jina moja karne nyingi kabla ya wanabotania kulichukua neno lilelile na kulipa maana finyu. Kiswahili hakina deni hilo. Kilitaja kila tunda kwa jina lake: zabibu, forosadi, kunazi, mnavu. Neno beri limeingia juzijuzi, halijazoeleka jikoni wala sokoni, na hiyo ni bahati ya kutumiwa vizuri. Walimu na watunzi wa vitabu wanaweza kulifunga kwenye maana ya kibotania tangu mwanzo, nayo stroberi, rasiberi na bluberi yabaki majina kamili yasiyokatwa vipande. Mwanafunzi asilikate neno stroberi akidhani mkia wake unamwambia ni tunda la namna gani. Bluberi ni beri kweli, rasiberi siyo. Rasiberi na ndugu zake wa porini, wenye miiba, wanaoota kwenye kingo za misitu ya nyanda za juu, wana shanga nyingi zilizoshikana, na kila ushanga una kikokwa chake. Ndicho kinachonasa kati ya meno.

Mfano mzuri wa wakulima kuwa karibu na ukweli kuliko vitabu ni kahawa. Mwaka 1922 ugonjwa wa ukungu uligunduliwa magharibi mwa Kenya, ukiozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi. Wanasayansi waliupa jina la Kiingereza linaloyaita matunda hayo beri. Mkulima wa Nandi hasemi hivyo. Anasema anachuma cheri. Cheri ya Ulaya ni tunda la kokwa, na tunda la kahawa vilevile ni la kokwa, kwa kawaida likiwa na kokwa mbili zilizoegemeana. Ugonjwa huo ndio uliosababisha kuzalishwa kwa aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985.

Mahakama nazo zimewahi kuingia katika ugomvi huu. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba nyanya, kwa ajili ya ushuru wa forodha, ni mboga, kwa sababu huliwa pamoja na chakula na hailiwi kama kitindamlo. Mahakama haikukana kwamba kibotania ni tunda. Mama mboga wa Eldoret angekubaliana na majaji hao, na mwalimu wa biolojia asingepungukiwa na kitu.

Karakara ni beri iliyowasumbua sana wakulima wa Uasin Gishu. Ile ya zambarau, tamu na yenye harufu, huuawa na mnyauko unaoanzia kwenye mizizi, kwa hiyo huunganishwa juu ya shina la karakara ya manjano, ambayo hustahimili zaidi vimelea vya udongoni.

Mnavu nao ni mmea ambao beri yake hupuuzwa makusudi. Sokoni huitwa managu, wengine wakasema sucha, na kinachouzwa ni majani. Mkulima huyakonyoa maua ili mmea uendelee kuchipua. Ukiachwa, huzaa vishada vya beri ndogo, zambarau iliyokolea kwa aina moja, rangi ya chungwa kwa nyingine. Ya rangi ya chungwa ikiiva barabara huliwa na watoto wachungaji. Mbichi za kijani zina sumu ya solanini na haziguswi.

Linabaki suala la ngeli. Wapo watakaosema beri, maberi, kwa mfano wa chungwa na machungwa. Afadhali iwe beri hii, beri hizi. Ndizi, nyanya, karakara na zabibu zote ziko katika ngeli hiyo, na zote ni beri, kwa hiyo istilahi itakaa pamoja na wanaukoo wake.

Na kwa darasa linalotaka kuipima maana hii likiwa na kisu kimoja tu, hoho ndiyo ya kuanza nayo. Wanafunzi wengi wataikataa, kwa kuwa ndani yake kuna hewa tupu na mbegu zimekusanyika kwenye kifundo cheupe chini ya kikonyo. Lakini imetoka kwenye ovari moja, ukuta wake wote ni nyama, na kokwa haina. Pilipili kali ni hivyohivyo, na biringanya pia.