Darubini ya Kwanza Nyumbani: Ipi ya Kununua na Nini cha Kutarajia Kuona



Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhaan maswali kuhusu darubini huongezeka. Safari hii baba mmoja kutoka Pemba ameuliza: kijana wake wa kidato cha pili anataka darubini ya kutazamia mwezi na nyota. Fedha amezidunduliza kidogo kidogo, lakini jirani amemwambia hayo ni mambo ya falaki na hayana kheri. Anataka kujua hukumu yake, na ikiwa inajuzu, anunue ipi asije akazitupa fedha zake. Tumelijibu kwa urefu kidogo kwani linazihusu nyumba nyingi.

Hukumu yake

Katika pwani yetu neno “falaki” limebeba maana mbili, na hapo ndipo jirani alipochanganya. Ya kwanza ni kutazamia nyota ili kujua nani ataolewa lini, nani kamfanyia nani, na safari gani ina nuksi. Huo ni utabiri na madai ya kujua ghaibu, na ni haramu bila ya shaka. Ya pili ni elimu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota, ambayo kwayo tunazijua nyakati za Swalah, upande wa Qiblah na hesabu ya miezi. Suurat Yuunus, aayah ya 5, imetaja kuwa mwezi umepangiwa vituo ili watu wajue idadi ya miaka na hesabu. Manahodha wetu nao walikwenda na kurudi Muscat kwa kuzijua nyota. Darubini ni chombo cha elimu hii ya pili, na asili yake ni kujuzu.

Masharti yake ni matatu. Kwanza, isielekezwe kwenye madirisha na nyua za watu. Nyumba zetu za mjini zimebanana, na kuchungulia sitara ya jirani ni haramu kwa jicho na kwa darubini sawasawa. Pili, kukesha na nyota kusiwe sababu ya kukosa Swalah ya Alfajiri. Tatu, kusiwe na israaf: asinunue kwa deni wala kwa kuipunguzia familia haki yake.

Tazama upana wa mdomo, usitazame namba ya boksi

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia katika mtego huu. Watoto wangu walipokuwa wadogo nilinunua darubini iliyoandikwa kwenye boksi kuwa inakuza mara 525. Tuliitoa uani baada ya ‘Ishaa, tukahangaika hadi watoto wakalala. Kila kitu kilikuwa ukungu unaotikisika. Kosa halikuwa la watoto wala la mbingu, bali nilinunua namba.

Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga. Kukuza ni kazi ya pili. Mwanga huingia kwa upana wa lenzi au kioo kikubwa kilichomo, yaani mdomo wa darubini, unaopimwa kwa milimita. Kanuni nyepesi ni kuwa ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya hizo milimita. Darubini ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120 hivi. Ukiilazimisha mara 525 utapata kiza na ukungu. Ya milimita 150 hukusanya mwanga zaidi ya mara 6 kuliko hiyo ya 60. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: “Mdomo wake ni milimita ngapi?” Akikujibu kwa kutaja ukuzaji tu, muulize tena.

Ukuzaji wenyewe hutokana na lenzi ndogo ya kutazamia, ambayo hubadilishwa. Gawa urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi hiyo. Darubini ya fokasi ya milimita 1200 ukiitia lenzi ya milimita 25 inakuza mara 48. Ukiitia ya milimita 10 inakuza mara 120. Lenzi hizo mbili zinamtosha anayeanza. Siku zote anza na ile inayokuza kidogo, kwani ndiyo inayoonesha eneo kubwa la mbingu na kukuwezesha kukipata unachokitafuta.

Stendi ni nusu ya darubini

Darubini nzuri juu ya miguu dhaifu haina faida. Ukuzaji wa mara 100 hukuza na mtikisiko mara 100. Iguse kidogo ikiwa dukani: ikiendelea kutetemeka baada ya kuiachia, iache.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa visiwani. Darubini nyingi huuzwa na stendi yenye mhimili unaotakiwa kuelekezwa kwenye ncha ya mbingu, na vitabu vyake vya maelekezo humwambia mtu aitafute nyota ya kaskazini. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta, hivyo nyota hiyo iko chini ya upeo wetu na hatuioni. Ncha ya kusini nayo kwetu iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, na stendi nyingi za aina hiyo haziwezi kuinamishwa kiasi hicho. Chukua stendi nyepesi inayokwenda juu na chini, kulia na kushoto, basi.

Chaguo tatu kwa nyumba zetu

1. Darubini ya macho mawili, iliyoandikwa 7x50 au 10x50, kama zile za mabaharia. Namba ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni mdomo. Ni nafuu na haina ufundi. Hata mtoto akiacha kupenda nyota, itabaki na kazi baharini. Kwa mwenye fedha kidogo hii ni bora kuliko darubini ndefu ya bei rahisi.

2. Darubini ya lenzi ya milimita 70 hadi 90 yenye miguu imara. Inafaa kwa mwezi na sayari, na ni nyepesi kubeba.

3. Darubini ya kioo ya milimita 130 hadi 150 juu ya stendi ya Dobson, yaani kitako cha mbao kinachozunguka juu ya meza au sakafu. Ukilinganisha fedha na unachokiona, hii ndiyo ninayoipendekeza kwa familia au madrasa. Vioo vyake huhitaji kunyooshwa mara moja moja, hasa baada ya safari ya boti.

Wengi huagiza kwa jamaa walioko Dubai au Muscat. Mwandikie jamaa yako milimita za mdomo na aina ya stendi. Ukimwambia “niletee darubini nzuri” tu, atakuletea yenye boksi zuri. Ya kompyuta inayojitafutia nyota iache kwa sasa, kwani sehemu ya fedha yako itakwenda kwenye mota badala ya kioo. Kujifunza mbingu, ramani ya nyota kwenye simu, kama programu ya Stellarium, inatosha.

Utaona nini, na nini hutakiona

Picha zilizochapishwa kwenye maboksi zimepigwa na vyombo vikubwa kwa muda mrefu. Jicho halioni hivyo. Mweleze mtoto haya kabla, ili asivunjike moyo usiku wa kwanza.

Mwezi ndio zawadi kubwa. Utazame kuanzia tarehe 5 hadi 9 ya mwezi wa Hijria, kwenye mstari unaotenganisha mwanga na kiza. Hapo milima na mashimo hutupa vivuli. Usiku wa tarehe 14 mwanga huwa umekuja wima na kila kitu huonekana bapa. Mwezi ukiwa nusu, tafuta katikati yake mashimo mawili makubwa yaitwayo Albategnius na Arzachel. Hayo ni majina ya Al-Battaani na Az-Zarqaali, wanavyuoni wetu wa falaki, yaliyopinda katika ndimi za Wazungu.

Mshtarii utaonekana kama sahani ndogo yenye mistari miwili hafifu, na pembeni yake nukta hadi nne zilizojipanga. Hiyo ni miezi yake aliyoiona Galileo mwaka 1610. Chora nafasi zake leo na kesho, utaona zimehama. Zohali ni ndogo kama ushanga, lakini pete yake inaonekana kwa ukuzaji wa mara 50 na zaidi. Mwaka 2025 pete ilitugeukia ubavu ikawa kama uzi, na sasa inazidi kufunguka mwaka hadi mwaka. Zuhura huonekana kama mwezi mdogo, mara nusu, mara kongo. Mirihi mara nyingi ni kidoa chekundu tu.

Nyota zitabaki nukta hata kwa darubini kubwa kiasi gani, kwa sababu ya umbali wake. Mawingu ya nyota na gesi huonekana kijivu, si kwa rangi za picha. Miezi ya Disemba hadi Machi tazama wingu lililo katika upanga wa Jabari, linalopita karibu na utosi wetu, na Kilimia kwa darubini ya macho mawili. Mwezi wa Novemba, upande wa kaskazini, kuna kidoa hafifu cha Andromeda, ambacho ‘Abdur-Rahmaan As-Suufi alikiandika katika kitabu chake cha nyota mwaka 964, kwa macho matupu. Kwa vitu hivi subiri usiku usio na mwezi na utoke penye taa. Makunduchi na Micheweni wanaona zaidi kuliko Darajani.

Usishangae picha ikiwa juu chini. Darubini nyingi za nyota hugeuza picha, na hiyo si kasoro. Wala usishangae kitu kikitoka chenyewe ndani ya dakika mbili: ni ardhi inazunguka. Sogeza darubini polepole ukifuate.

Onyo la jua

Kulitazama jua kwa darubini, hata kwa nukta moja ya wakati, kunaweza kuunguza jicho bila ya mtu kuhisi maumivu, na jicho hilo lisirudi. Darubini isiachwe uani mchana na watoto. Vile vilenzi vyeusi vya jua vinavyofungwa kwenye lenzi ya kutazamia vitupe, maana hupata moto na kupasuka. Filta inayofaa ni ile maalumu ya jua inayofunika mdomo wote wa mbele. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote Makka, nasi visiwani tutaona sehemu. Siku hiyo asiye na filta aende kuswali Swalatul-Kusuuf, wala asiinue darubini.

Darubini na mwezi mwandamo

Wengi wa wanavyuoni wa zama hizi wanaona kuwa mwezi ulioonwa kwa darubini umeonwa, kwa sababu chombo hakiumbi kisichokuwepo. Wapo waliosimama kwenye jicho tupu, na wote wanategemea amri ile ile ya Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ya kufunga na kufungua kwa kuuona. Suala hili lisigawe msikiti.

Kwa kazi hii darubini ya macho mawili ni bora, kwani inaona eneo pana. Simama pwani ya magharibi, kama Mangapwani, Fumba au Wesha, na usiinyanyue mpaka jua limezama lote. Mwezi mchanga kwetu hulala kama dau. Fahamu pia mpaka wake: mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya nyuzi 7 hivi, hata darubini haiuoni.

Hapa ndipo lilipo jambo zito kuliko fedha. Mbele ya lenzi, jicho lenye hamu huona linachokitaka. Mzoeshe mtoto tangu mwanzo kuchora alichokiona yeye, si alichokiona kwenye picha, na msifu anaposema “sijaona”. Kijana aliyezoea hivyo, siku akisema “nimeuona mwezi” neno lake litakuwa na uzito, kwani watu watafunga na kufungua kwalo. Na ukiuona, peleka ushahidi kwa sheha au Ofisi ya Mufti kabla ya kuutupa kwenye makundi ya simu.

Kuitunza

Adui wa darubini visiwani ni chumvi na unyevu. Ukiirudisha ndani usifunike vioo mara moja; iache ikauke, kisha iweke kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu. Kuvu ikishika lenzi ni tabu kutoka. Usifute lenzi kwa kanga wala kwa pumzi. Pangusa vumbi kwa brashi laini. Kioo cha ndani usikiguse kabisa.

Kwa muhtasari, tunamwambia ndugu yetu wa Pemba: hakuna ubaya. Ikiwa fedha zinatosha, nunua ya kioo ya milimita 130 au 150 yenye kitako. Ikiwa hazitoshi, nunua ya macho mawili 10x50 na usione haya. Mwite na yule jirani, usiku wa tarehe 7 ya mwezi, aweke jicho lake.

Na Allaah Anajua zaidi.