Fataki na kifa: Mahali padogo panapoamua usalama wa gobore

NI kipande chembamba cha shaba, chenye umbo la kikombe na upana usiozidi punje ya hindi. Jina lake ni fataki. Kikikaa sawasawa mahali pake, bunduki ya kushindilia hufyatuka papo hapo. Kisipokaa sawasawa, bunduki hiyo hukataa kufyatuka, huchelewa kufyatuka, au hutema moto kuelekea usoni mwa aliyeishika. Kati ya hayo matatu, kuchelewa ndiko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa risasi hutoka wakati mtu ameshaamini kuwa hatari imepita.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika maeneo ya vijijini yaliyo jirani na hifadhi za wanyamapori. Mfano ni Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, ilipo Kata ya Migato, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi iliyokuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga. Wakazi wake ni wakulima wa pamba, mahindi na mtama, na ni wafugaji. Upande wa mashariki wilaya hiyo inapakana na Pori la Akiba Maswa, ambalo limeungana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mazao yanapokaribia kukomaa, tembo huvuka mipaka na kuingia mashambani, na hasara ya usiku mmoja huweza kuwa chakula cha familia cha mwaka mzima.

Katika mazingira ya namna hiyo gobore limechukuliwa na baadhi ya watu kuwa mlinzi wa shamba. Taarifa za polisi kutoka mikoa mbalimbali nchini hulitaja mara kwa mara miongoni mwa silaha zinazokamatwa au kusalimishwa. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kwa nini silaha hiyo huwadhuru wenyewe wanaoimiliki.

Mrao, gumegume na fataki

Lugha ya Kiswahili imehifadhi historia ya bunduki za kushindilia katika majina yake. Ya kwanza ilikuwa bunduki ya mrao, yaani ile iliyowashwa kwa utambi unaofuka moto. Ikafuata bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake gumu lilipiga chuma na kutoa cheche zilizoangukia baruti kidogo iliyowekwa nje ya mtutu. Ya tatu ni bunduki ya fataki.

Udhaifu wa gumegume ulijulikana na kila aliyeitumia. Baruti ya nje ililowa mvua, ilipeperushwa na upepo, na mwako wake ulionekana kabla ya risasi kutoka. Inaelezwa kwamba ndege waliokuwa wakiruka kila waonapo mwako huo ndio waliomfanya Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland aliyependa kuwinda, atafute njia nyingine. Mwaka 1807 alipata hataza ya mtambo uliotumia kemikali inayolipuka kwa kugongwa. Katika miaka iliyofuata wavumbuzi mbalimbali waliiweka kemikali hiyo ndani ya kikombe kidogo cha shaba, na mmoja wao, Joshua Shaw, alipewa hataza nchini Marekani mwaka 1822.

Afrika Mashariki ilizipokea bunduki hizo kwa wingi kupitia Zanzibar. Mwaka 1888 ilikadiriwa kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka katika ukanda huu. Misafara ya pembe za ndovu ilizifikisha Tabora na kwingineko bara. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga nguvu ya askari wake wa rugaruga kwa kutumia bunduki hizo pamoja na mikuki. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliposhindwa na Wajerumani mwaka 1893 alilipua ghala lake la baruti akiwa ndani ya ngome yake.

Mataifa ya Ulaya nayo yalitambua tofauti kati ya silaha hizo na zile mpya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha nafasi ya kuuzwa bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Hivyo, wakati majeshi ya kikoloni yakitumia bunduki za risasi zenye ganda, Mwafrika aliachiwa silaha ya kushindilia. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya aina hiyo ya bunduki idumu vijijini kwa muda mrefu, na mafundi wahunzi wakajifunza kuitengeneza na kuikarabati.

Jinsi inavyofanya kazi

Bunduki ya kushindilia hupakiwa kwa mbele. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, hufuatwa na risasi au marisau, kisha vyote hushindiliwa kwa mdeki mpaka vikae chini kabisa. Mwisho wa nyuma wa mtutu kuna kipande kidogo cha chuma kilichochomoza, chenye tundu jembamba katikati. Hicho ndicho kifa. Fataki huvishwa juu ya kifa kama kofia. Kifyatulio kikivutwa, nyundo huangukia fataki, kemikali iliyomo hubanwa kati ya vyuma viwili na kulipuka, na ulimi wa moto hupita katika tundu la kifa hadi kwenye baruti.

Safari hiyo ya moto ni fupi mno, lakini inahitaji mambo matatu yatimie kwa pamoja. Fataki lazima ifike chini kabisa ya kifa, tundu la kifa lazima liwe wazi na kavu, na baruti lazima iwe kavu na iwe imeshindiliwa vyema. Moja likikosekana, bunduki haiaminiki.

Fataki isipokaa sawasawa

Fataki za viwandani hutengenezwa kwa saizi zinazojulikana kwa namba. Zinazotumika zaidi ni namba 10 na namba 11, na tofauti kati yake ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuitambua kwa urahisi. Zipo pia kubwa zaidi zenye ukingo, zilizokusudiwa kwa bunduki za kijeshi za karne ya 19. Kifa kilichochongwa kwa saizi moja hakipokei vyema fataki ya saizi nyingine.

Fataki ikiwa ndogo kuliko kifa, huishia njiani. Nyundo ikiangukia fataki hiyo, nguvu ya pigo hutumika kuisukuma ishuke badala ya kuilipua. Ndiyo maana bunduki nyingine hukataa pigo la kwanza na kukubali la pili. Mwenye bunduki hudhani fataki ilikuwa mbovu, kumbe kosa ni la kifa.

Fataki ikiwa kubwa kuliko kifa, hulegea. Huweza kudondoka mtu anapotembea, au kukaa upande. Hata ikilipuka, sehemu ya moto wake hutokea pembeni, na vipande vya shaba huweza kuruka kuelekea machoni. Baadhi ya watumiaji huibana fataki kwa vidole ili ishike. Huo ni ufumbuzi wa muda tu, kwani umbo la fataki likiharibika, haikai tena bapa juu ya kifa.

Kifa chenyewe nacho huchakaa. Kikigongwa mara nyingi na nyundo bila fataki, kichwa chake hupanuka kama kichwa cha tindo ya fundi seremala iliyogongwa muda mrefu, na tangu hapo hakuna fataki itakayoshuka sawasawa. Aidha, mabaki ya baruti huziba tundu. Baruti nyeusi huacha masizi mengi, na masizi hayo hufyonza unyevu wa hewa. Bunduki iliyotumika na kuachwa bila kusafishwa huanza kushika kutu ndani ya muda mfupi, hasa majira ya masika. Mafuta ya kuzuia kutu nayo yakizidi hujikusanya katika tundu la kifa na kuizima cheche.

Kwa bunduki iliyochongwa na mhunzi bila vipimo, matatizo yote hayo huwa makubwa zaidi. Fundi huyo huweza kuwa hodari wa jembe na mundu, lakini hana kifaa cha kupima tofauti ya sehemu ndogo za milimita, na mtutu wake mara nyingi ni bomba ambalo halikukusudiwa kuhimili mlipuko. Zaidi ya hayo, baruti ya kisasa inayotumika katika risasi zenye ganda ikiwekwa ndani ya gobore, nguvu yake huweza kuupasua mtutu mikononi mwa mtumiaji.

Bunduki mpya, tatizo lile lile

Pengine mtu atadhani kuwa teknolojia imeliondoa tatizo hilo. Haikuliondoa. Nchini Marekani, ambako majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kwa bunduki za kushindilia, ulijitokeza mwaka 1985 muundo mpya wa Tony Knight, ulioitwa MK-85. Ndani yake fataki ilikaa nyuma ya mtutu, kwenye mstari mmoja na baruti, badala ya kukaa pembeni. Baadaye bunduki za aina hiyo zilianza kutumia kiwashio namba 209, ambacho asili yake ni cha risasi za shotigani na moto wake ni mkali zaidi.

Kiwashio hicho huingia katika kishimo kilichochongwa kwenye kizibo cha nyuma ya mtutu. Urefu na unene wake hutofautiana kidogo kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Nafasi ikibaki kati ya kiwashio na uso wa chuma kinachokizuia kwa nyuma, gesi hurudi nyuma, masizi hujaa katika mtambo na nguvu ya moto hupungua. Kikibana kupita kiasi, mtambo haufungi, au hufungwa kwa nguvu ambayo haifai kutumika karibu na kitu kinacholipuka. Watumiaji wa huko huweka pete nyembamba za kuziba nafasi, au hupeleka bunduki kwa fundi mwenye leseni arekebishe kizibo. Mahitaji yameongezeka pia kwa sababu baadhi ya baruti mbadala huhitaji joto kubwa kuliko baruti nyeusi ili ziwake.

Kwa hiyo bunduki ya kiwandani yenye bei kubwa na gobore la mhunzi zina sharti moja. Tofauti ni kwamba mwenye bunduki ya kiwandani ana vipimo, vipuri na fundi wa kumrekebishia, na mwenye gobore hana.

Bunduki isipofyatuka

Ajali nyingi hutokana na dakika inayofuata baada ya bunduki kukataa. Cheche ndogo huweza kubaki ikifuka ndani ya tundu la kifa au kwenye baruti yenye unyevu, kisha ikawasha baruti baada ya sekunde kadhaa. Mtu anayegeuza bunduki ili achungulie mdomo wa mtutu, au anayeisogeza mbele ya wenzake, huwa ameielekeza risasi mahali pabaya kabisa.

Kanuni inayofundishwa kwa watumiaji wenye leseni ni moja. Bunduki iendelee kuelekezwa upande usio na mtu kwa angalau dakika moja kamili, bila kushusha mtutu wala kuchungulia. Baada ya hapo ndipo fataki huondolewa, na bunduki iliyojaa baruti haiachwi ndani ya nyumba. Watoto wengi hawajui kuwa gobore lililoegemezwa ukutani bila fataki bado lina baruti na risasi ndani yake.

Sheria inasemaje

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015 inamtaka kila anayemiliki silaha ya moto awe na leseni, na inakataza kutengeneza silaha bila kibali. Gobore halikuachwa nje kwa kuwa ni la kienyeji. Kosa la kupatikana na silaha kinyume cha sheria huweza kushtakiwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Mara kadhaa serikali imetangaza vipindi vya msamaha, ambapo anayesalimisha silaha kwa hiari hashtakiwi kwa kuimiliki.

Kwa mkulima aliyevamiwa na tembo, njia iliyowekwa ni kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji na kwa askari wa wanyamapori. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Malalamiko kwamba malipo hayo ni madogo na huchelewa yamesikika hata bungeni, na ndiyo yanayowafanya baadhi ya wananchi waendelee kuliamini gobore kuliko ofisi.

Lakini imani hiyo ina gharama yake. Tembo aliyejeruhiwa kwa risasi ya gobore mara nyingi hafi papo hapo, bali hugeuka kuwa mkali, na kushindilia tena huchukua muda ambao mnyama huyo hampi mtu. Mkulima aliyesimama usiku shambani na bunduki ambayo fataki yake haikukaa sawasawa hana ulinzi wowote mbele yake, na mikononi ameshika kitu kinachoweza kumdhuru yeye kabla ya tembo.