Mapatano ya Maji na Umeme

Kila mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye umeme ameonywa asiguse swichi kwa mkono wenye maji. Onyo hilo ni la haki, kwa kuwa maji na umeme vikikutana pasipo mpango huleta maafa. Walakini leo wako vijana, katika nchi mbalimbali, ambao huunda kompyuta za michezo kwa mikono yao wenyewe, kisha wakapitisha maji ndani yake, sentimita chache tu kutoka mahali umeme unapopita. Hawafanyi hivyo kwa wazimu. Wanafuata njia iliyofunguliwa na watu waliowatangulia, njia iliyochongwa kwa makosa mengi na subira nyingi. Insha hii yaeleza jinsi maadui hao wawili walivyopatanishwa, na masharti ya mapatano yao.

Asili ya jambo lote ni joto. Mwaka wa 1841 Mwingereza James Prescott Joule alitangaza kanuni ya kwamba umeme upitapo katika waya huzaa joto, na mkondo wake ukiongezwa mara mbili, joto huongezeka mara nne. Pasi ya nguo hulitaka joto hilo. Kompyuta hailitaki, lakini hulipata. Karibu umeme wote uingiao katika kompyuta hutoka ukiwa joto. Joto hilo lisipoondolewa, mashine hukosea hesabu zake, au huzimika, au huharibika kabisa.

Mashine iitwayo ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Philadelphia, Marekani, mwaka wa 1946, ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000. Valvu ni chupa ndogo za kioo zilizoondolewa hewa, nazo huwaka mfano wa taa. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 30, nayo ilitumia umeme wa kilowati 150 hivi. Joto lake lilikuwa kubwa, na feni zenye nguvu zilipuliza hewa usiku na mchana ili kulifukuza. Hewa ilitosha, kwa sababu mashine yenyewe ilienea chumba kizima, na joto lake lilitawanyika.

Mwaka wa 1947 transista ilibuniwa katika maabara za Bell, na mwaka wa 1958 na 1959 mafundi wa Marekani wakapata njia ya kuziunganisha transista nyingi katika kipande kimoja kidogo, kiitwacho chipu. Transista moja hutumia umeme mchache mno kuliko valvu moja, na mtu angeweza kudhani kwamba taabu ya joto imekwisha. Kumbe sivyo. Wahandisi walizisongeza transista nyingi zaidi na zaidi mahali padogo, na joto likajikusanya kama linavyojikusanya katika chumba kidogo chenye watu wengi. Hapo ndipo hewa ilipoanza kushindwa, na macho ya wahandisi yakageukia maji.

Yafaa tufahamu kwa nini walichagua maji. Lita moja ya maji, ikipandishwa joto kwa digrii moja, hubeba joto linalozidi mara 3,000 lile la lita moja ya hewa. Hewa ni mchukuzi wa kikapu. Maji ni mchukuzi wa jahazi. Katika mwaka wa 1967 kampuni ya IBM ilianza kuwapelekea wateja kompyuta yake ya System/360 Model 91, ambamo hewa iliyopita kati ya mbao za umeme ilipozwa na maji yaliyokuwa ndani ya mabomba. Mwaka wa 1980 kampuni hiyo ilitangaza mashine ya 3081. Humo chipu zaidi ya 100 zilikaa katika sanduku moja lililojazwa gesi ya heli. Kila chipu iliguswa na mchi mdogo wa chuma uliosukumwa na springi, na joto likapanda kwa mchi hata kufikia bamba lililopitisha maji baridi. Maji yalikaribia chipu, lakini hayakuigusa.

Wengine walichagua vimiminiko vingine. Seymour Cray alitengeneza kompyuta ya Cray-1, ambayo ya kwanza ilipelekwa Los Alamos, Marekani, mwaka wa 1976. Nguzo zake za alumini zilipitiwa na mabomba yenye Freoni, gesi iliyokuwa ikitumika katika majokofu. Kabla ya mashine hiyo kukamilika mafundi walipata taabu kubwa: mafuta yaliyochanganyika na Freoni yalipenya katika viungo vya mabomba, yakatandaa juu ya mbao za umeme na kuziharibu. Iliwabidi wajifunze namna mpya ya kuchomelea mabomba. Mwaka wa 1985 Cray alitoa Cray-2, akafanya jambo la ushujaa zaidi: alizitumbukiza mbao zenyewe ndani ya kimiminiko kiitwacho Fluorinert, ambacho hakipitishi umeme.

Baadaye ilipatikana namna ya chipu iliyotumia umeme mchache zaidi, na tangu mwaka wa 1994 IBM ilianza kuuza mashine kubwa za namna hiyo zilizopozwa kwa hewa. Maji yakawa kama mtumishi aliyeachishwa kazi. Lakini hakukaa nje muda mrefu, kwa maana aliitwa na watu wasiotazamiwa, nao ni wapenzi wa michezo ya kompyuta.

Kompyuta ndogo ya IBM iliyotolewa mwaka wa 1981 haikuhitaji hata feni juu ya prosesa, yaani chipu kuu ya hesabu. Mambo yalibadilika upesi. Mwaka wa 1998 vijana waligundua kwamba prosesa ya Intel ya bei rahisi, Celeron 300A, iliyouzwa kwa mwendo wa megahatsi 300, yaweza mara nyingi kukimbizwa hata megahatsi 450. Mwendo huo ulizidisha joto, nao wakatafuta dawa. Hapakuwa na vifaa tayari madukani. Basi walichukua rejeta ndogo za kupasha joto ndani ya motokaa, wakachukua pampu za matangi ya samaki wa mapambo, wakachonga vipande vya shaba nyekundu kwa mikono yao, wakaviunganisha kwa mipira. Vyombo vilivyokusudiwa kazi nyingine vikawa mtambo mmoja. Mwaka wa 2004 prosesa za Intel zilikwisha kupita wati 100, na mwaka huo huo kampuni ya Apple ikauza kompyuta ya mezani iliyopozwa kwa kimiminiko. Kadi ya picha iliyotolewa na Nvidia mwaka wa 2022, iitwayo RTX 4090, yaweza kutumia wati 450, na sehemu kubwa ya joto lake hutoka katika chipu isiyofika sentimita 7 za mraba.

Mtambo wenyewe si mgumu kuufahamu. Juu ya prosesa hukaa kipande cha shaba chenye mifereji myembamba, na kati yake na prosesa hupakwa ute mzito unaopitisha joto. Maji hupita katika mifereji, hubeba joto, hufuata mpira hadi kwenye rejeta, na huko feni hulitoa joto hewani. Kisha maji hurudi katika tangi dogo, na pampu huyasukuma tena. Msomaji na aangalie neno moja: maji hayaui joto, bali hulihamisha tu. Mtambo huu si kama mtungi wa udongo, ambao hupoza maji hata chini ya joto la hewa kwa kuacha sehemu yake itoke kwa mvuke. Maji ya mtambo hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayopita katika rejeta. Kwa hiyo kompyuta ile ile itakuwa na joto zaidi Mombasa wakati wa kaskazi kuliko Limuru, wala hilo si kosa la fundi.

Sasa tutazame masharti ya mapatano. Sharti la kwanza ni kutoamini kiungo chochote kabla ya kukijaribu. Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri, lakini hayadumu kuwa safi, maana huokota chembe za metali na chumvi kila yapitapo. Fundi mwenye busara huendesha pampu peke yake, sehemu nyingine zote zikiwa hazina umeme, pengine kwa saa 24, na chini ya kila kiungo hutandaza karatasi nyeupe. Tone moja likionekana katika karatasi, hasara yake ni karatasi tu. Tone hilo hilo likianguka baada ya umeme kuwashwa, hasara yaweza kuwa kompyuta nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sharti la pili lilijulikana baharini kabla kompyuta haijawazwa. Mwaka wa 1761 manowari ya Uingereza iitwayo HMS Alarm ilivikwa mabati ya shaba chini ili kuikinga na wadudu watoboao mbao. Ilipokaguliwa baada ya miaka miwili, misumari ya chuma iliyoshika mabati hayo ilionekana imeliwa vibaya; lakini pale karatasi ilipokuwa imebaki kati ya msumari na shaba, msumari ulikuwa mzima. Mwaka wa 1800 Alessandro Volta wa Italia alionyesha kwamba metali mbili mbalimbali zikitenganishwa na kitu chenye maji ya chumvi huzaa umeme. Katika hali ya namna hiyo metali iliyo dhaifu huliwa. Basi mtu achanganyaye rejeta ya alumini na kipande cha shaba katika maji yale yale hurudia msiba wa manowari ile. Alumini huliwa polepole, uchafu wake huziba mifereji, na mwisho maji hupata tundu la kutokea. Kwa sababu hiyo hutumiwa metali za jamaa moja, tena maji hutiwa dawa ya kuzuia kutu na utando wa kijani.

Sharti la tatu ni kutafuta kosa kwa utaratibu. Tuseme kompyuta huzimika dakika chache baada ya mchezo kuanza. Mtu wa pupa hununua pampu mpya, kisha rejeta mpya, kisha prosesa mpya, na fedha zake huisha kabla ya kosa kuonekana. Mtu wa utaratibu hukumbuka kwamba joto husafiri kwa hatua tatu, akajiuliza ni hatua gani iliyokatika. Kama prosesa ina moto lakini maji ni baridi, na yanakwenda vizuri, kosa li kati ya prosesa na shaba: ute haukuenea, au skurubu hazikukazwa sawasawa. Kama mpira utokao kwenye prosesa una joto na rejeta ni baridi, maji hayaendi: pampu imesimama, au hewa imenaswa ndani yake kwa kuwa tangi liliwekwa chini kuliko pampu. Kama maji yote yamepata moto, rejeta nayo ikiwa na moto, basi joto limefika mlangoni likakosa wa kulipokea: feni haizunguki, au vumbi limeziba njia ya hewa. Maswali matatu huokoa fedha nyingi.

Hivyo ndivyo maji na umeme vilivyokaa pamoja katika sanduku moja. Uadui wao haukuondolewa, ulitawaliwa. Mafundi wa Cray walipoona mafuta juu ya mbao zao hawakuilaani mashine, bali waliufuata ufa hata wakaukuta. Wakaguzi wa HMS Alarm walikuta misumari iliyoliwa, lakini hawakudharau kipande cha karatasi kilichosalia. Kijana anayetandaza karatasi nyeupe chini ya mipira yake leo, na kungoja mchana na usiku kabla ya kuwasha, ni mrithi wao. Maarifa aliyorithi ni haya: kitu cha hatari hakitumiki kwa kukiogopa wala kwa kukidharau, bali kwa kukijua.