Kijana wa Makongo

Mpira wa kikapu si mchezo wa jadi yetu. Ulibuniwa mwaka 1891 na James Naismith, mwalimu wa mazoezi ya viungo mjini Springfield, Marekani, aliyetundika vikapu vya matunda ukumbini ili vijana wake wapate la kufanya wakati wa baridi. Hata hivyo mchezo huo umeishi nasi miaka mingi, mashuleni na majeshini, ukapata watu wake na masimulizi yake, nasi tumeona vema kumkumbuka mmoja wa watu hao.

Huyo ni Hasheem Thabeet, aliyezaliwa mwaka 1987. Hatuandiki habari za utajiri wake. Twaandika habari za mwanafunzi wa sekondari, kwa sababu huku Chanika tuliko jina lake hutajwa kama jina la mtu aliyeshuka kutoka Marekani, ilhali mpira huo aliushika kwanza hapa hapa Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 15 hivi.

Shule yake ilikuwa Makongo, shule ya Jeshi la Wananchi, jirani na kambi ya Lugalo. Mkuu wake wa siku nyingi, Kanali Iddi Kipingu, aliifanya michezo kuwa sehemu ya maisha ya shule, nayo Makongo ikajulikana kwa wanamichezo wake kama zijulikanavyo nyingine kwa matokeo ya mitihani.

Jambo hilo hapana budi lipimwe kwa wakati wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule, UMISSETA yakiwemo, yalisimamishwa nchini kwa hoja kwamba yaliwapotezea wanafunzi muda wa masomo, baadaye yakarudishwa. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana mzazi alipaye karo ana haki ya kuuliza mwanawe afanya nini mchana kutwa. Lakini ndiyo miaka ile ile ambayo kijana huyu, ambaye kimo chake kilifika mita 2.21, alikuwa akitafuta mahali pa kukitumia. Angaliangukia shule isiyo na uwanja wala mwalimu wa michezo, urefu wake ungalibaki kuwa kichekesho cha vituo vya daladala. Twadhani wako waliobaki hivyo.

Kutoka hapa alikwenda Houston, akamaliza sekondari huko mwaka 2006, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kazi yake ilikuwa kuzuia mipira iliyokuwa ikielekea kikapuni. Mwaka wa kwanza alizuia 118, wa pili 147, wa tatu 152, jumla 417. Tarehe 25 Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule, mbele ya James Harden na Stephen Curry, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA.

Huko hakustawi. Mwezi Februari 2010 alipelekwa ligi ya chini. Akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na baada ya msimu wa 2014 hakuonekana tena katika NBA, wastani wake ukiwa pointi 2.2 kwa mchezo. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Wako waandishi wa Marekani wanaomhesabu miongoni mwa waliochaguliwa kimakosa. Sisi mizani hiyo hatuikubali. Mtu aliyeanza akiwa na miaka 15 alipangwa safu moja na watu walioushika mpira tangu utotoni, na bado akafika.

Linalotukera ni jingine. Connecticut waweza kukutajia kila mpira alioukinga, siku gani na dhidi ya nani: kwamba dhidi ya Providence, Januari 2009, alizuia 10 katika mchezo mmoja. Ni nani kati yetu awezaye kutaja alizuia mingapi akiwa amevaa jezi ya Makongo? Ni mwalimu gani aliyempa mpira siku ya kwanza? Na wale wanne waliosimama naye uwanjani, wakampasia mpira alipokuwa bado mwanagenzi, majina yao ni yapi?